Naenda Tokyo, bodi za gemu za mashine za sarafu nazinunua wapi na nazikaguaje?

FundiWaMwananyamala

Wakuu heshima kwenu. Mimi ni fundi TV na redio, siku hizi zaidi nafanya bodi za friji na inveta, ila ugonjwa wangu ni gemu za kale, yale mashine makubwa ya kusimama unatumbukiza sarafu. Sasa bosi wangu anaenda Japani kuangalia magari kwenye mnada pale Yokohama na kanibeba nimkagulie mambo ya umeme, tukimaliza nitakuwa na muda wangu Tokyo kabla ya ndege. Nataka nirudi na bodi zenyewe. Sio kile kiboksi cha Kichina chenye gemu elfu ndani, nataka bodi orijino iliyotoka kiwandani.

Kwenye orodha yangu kuna Street Fighter II, Cadillacs and Dinosaurs na Metal Slug, na pesa ikibaki kimoja cha ndege za kufyatua. Sasa wenye uzoefu naomba mnisaidie, Akihabara, ule mtaa wa maduka ya elektroniki, kila mtu anaitaja lakini mtaa mzima ule naingia duka gani hasa? Nitajuaje bodi ni nzima wakati hotelini sina mashine ya kuijaribia? Na pale uwanja wa ndege ukifungua begi wakaona bodi tupu na miguu ya chipu inang'aa si nitaitwa pembeni? Mtaji sio mkubwa jamani, msinipeleke kwa matajiri.

MbongoSaitama

Karibu sana mkuu. Naishi huku, sio mtaalamu wa saketi ila mitaa naijua, ngoja nikuelekeze.

Kwanza futa kichwani ile picha ya kwamba Akihabara yote ni bodi. Duka maarufu ambalo watalii wote wanapiga picha ni Super Potato, zuri, lakini pale ni konsoli na kaseti za nyumbani, juu kuna mashine za kucheza, bei zake nazo ni za kitalii. Wewe nenda BEEP. Liko chini ya ardhi, unashuka ngazi, ukiwa na haraka unalipita bila kuliona. Pale ndio wanauza kompyuta za zamani na bodi za mashine kwenye mifuko, kila moja ina kikaratasi kinaeleza hali yake. Hicho kikaratasi ndio mali mkuu, kisome kabla hujaangalia bei. Piga picha kwa simu itafsiri, ila simu nayo inakosea kwa hiyo shika hivi viwili: ukiona 動作確認済 maana yake wameiwasha na imefanya kazi, ukiona ジャンク hiyo inauzwa kama chakavu, imekufa ama hawajaijaribu kabisa, na hairudishwi hata ulie. Bei ya chakavu inatamanisha sana. Wewe ni fundi, utaamua mwenyewe, ila usije ukasema hukuambiwa.

Nakano pia pitia, kuna jengo linaitwa Nakano Broadway limejaa maduka ya Mandarake, hawa wana tawi Akihabara pia. Bodi huwa zinapita pale mara moja moja, sio kila siku. Hard Off, maduka ya vitu vilivyotumika, nazo ziko kila mahali nje ya katikati ya mji, zina kona ya vitu vibovu, mafundi kama wewe mnaweza kushinda humo siku nzima mkichokonoa, ila kwa bodi za mashine za sarafu ni bahati nasibu, usiende kwa ajili hiyo tu. Na ukisikia mtu anakwambia uende Osaka mtaa wa Nipponbashi ni kweli kuna maduka, lakini nauli ya shinkansen, ile treni ya mwendo kasi, kwenda na kurudi ni bodi nyingine hiyo.

Halafu jambo moja ambalo watu hawalifanyi. Kabla hujanunua nenda Taito HEY palepale Akihabara, au Mikado kule Takadanobaba, ukacheze. Yen 100 tu kwa gemu nyingi. Utasikia sauti inavyotakiwa kuwa na rangi zinavyotakiwa kuwa, ili muuzaji akikuwashia bodi na sauti inakwaruza ujue kwamba inakwaruza, maana wengi wetu tumezoea zile za kwenye kompyuta tukadhani ndivyo zilivyo.

Pasi yako tembea nayo, ile yenyewe sio kopi. Mtalii akinunua kuanzia yen 5,000 kwenye duka lenye kibali anasamehewa kodi ya 10%. Ila angalia tarehe ya safari yako, kuanzia tarehe 1 Novemba 2026 utaratibu unageuka, unalipa yote dukani halafu unarudishiwa ukiwa unaondoka.

kijana_wa_moro

Mkuu samahani lakini si upakue tu MAME, ile programu ya kuigiza hizo mashine kwenye kompyuta, ucheze bure? Ipo tangu 1997, gemu zote hizo zimo. Hela ya bodi weka kwenye kiwanja

BwanaLehemu

Kijana wa Moro muache mwenzio, kuna watu wanafuga njiwa na hakuna anayewauliza kwa nini wasinunue kuku.

Fundi, mimi nakwenda moja kwa moja kwenye betri kwa sababu hapo ndipo wanapolizwa wengi, na mtu ambaye hajakaa na hizi bodi hawezi kubuni kama kitu cha namna hii kipo. Capcom walikuwa wanaibiwa sana, Street Fighter II ilipotoka 1991 kopi zilijaa dunia nzima, basi mtambo wao uliofuata, CPS-2 wa mwaka 1993, wakaufunga kwa siri. Programu imefichwa, na funguo za kuifumbua zimekaa kwenye kumbukumbu ndogo inayolishwa na betri ya lithiamu ya volti 3.6. Betri ikiisha funguo zinapotea, unawasha unakuta rangi moja tupu skrini nzima. Wenyewe wanaiita betri ya kujiua na jina limekaa sawa. Hesabu wewe mwenyewe, bodi ya 1994 betri yake ina umri gani leo.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji wa CPS-2 ni betri imebadilishwa lini. Sio inawaka? Kuwaka leo inawaka, kesho uko Dar imekufa ndani ya begi. Kama haijawahi kubadilishwa shusha bei, kisha ukifika nyumbani ibadilishe haraka, bodi inashikilia chaji kwa dakika chache tu ukichomoa ya zamani, kwa hiyo andaa kila kitu mezani kabla hujagusa chochote.

Sasa habari njema, na hii wauzaji wengine hawataki uijue. Mwaka 2007 Nicola Salmoria, huyohuyo aliyeanzisha MAME, na mwenzake anayejiita Andreas Naive waliivunja ile siri. Baadaye kikundi cha kina Eduardo Cruz wakagundua namna ya kuzirudisha funguo ndani ya bodi iliyokufa kwa kutumia kidude kama Arduino, kile kibodi kidogo cha kuprogramu, bila kubadilisha chipu hata moja. Maana yake CPS-2 iliyojiua siku hizi sio maiti. Ukiikuta kwenye kapu la vibovu, haina kutu, haijachokonolewa, kaseti yake haijawahi kufunguliwa, na bei ni ya kutupa, wewe fundi ichukue. Hapo ndipo mtu mwenye mkono wa lehemu anampiga tajiri bao.

Cadillacs and Dinosaurs unayoitaka sio CPS-2, ni CPS-1 ya mwisho mwisho ya 1993, ile yenye mfumo wa sauti wa QSound, nayo ina betri. Prosesa ya sauti inaitwa Kabuki, imefungwa kwa siri pia. Hiyo dai iwashwe mbele yako na usikilize sauti, usiangalie picha peke yake. Sega nao walikuwa na ugonjwa huohuo, chipu yao FD1094 ni prosesa na betri humohumo ndani ya gamba moja, utaikuta kwenye bodi za System 16 na 18, baadhi ya Golden Axe zina hiyo. Street Fighter II ya kwanza kabisa ile ya 1991 haina wasiwasi huo, ni nyingi, bei yake ya kawaida, anza nayo.

mpwani_254

Niaje wakubwa, salamu kutoka Mombasa. Mimi na Saitama tutakosana kidogo hapa. Maduka ya Akihabara ni ya kujionea tu bana, bei imeshapandishwa kwa ajili ya watalii, mwenye duka anafuatilia bei ya mtandaoni kila asubuhi. Bodi zenyewe ziko mtandaoni, kwa mnada wa Yahoo Auctions ya Japani na Mercari ambako watu huuza vitu walivyotumia. Unatumia wakala kama Buyee au ZenMarket, unaweka pesa, wao wananunua kwa jina lao na kupokea kwa bohari yao, wanakusanya mzigo ukifika tano sita wanatuma pamoja. Huhitaji hata kusafiri. Cousin yangu yuko Leicester, huko Uingereza Yahoo Japani walifunga kabisa tangu Aprili 2022, ukifungua haifunguki, lakini kwa wakala bado ananunua kama kawaida.

Na kama uko Japani yenyewe ni bora zaidi, hotelini wanapokea vifurushi, unaandika jina lako kama lilivyo kwa pasi na tarehe utakayofika, unawajulisha mapema. Tafuta kwa neno 基板 na jina la gemu kwa Kijapani, usitafute kwa herufi zetu utaona robo tu ya vilivyopo.

Mercari wakala anaweza kununua pia lakini kule vitu vinaenda kwa dakika, ukilala umekosa.

MbongoSaitama

@mpwani_254 kaka hatukosani, bei ya mnadani ni nzuri kweli mimi mwenyewe huko ndiko nanunua lenzi za kamera. Lakini fikiria hali ya huyu ndugu. Mnadani picha ni nne, mbili ziko giza, na muuzaji kaandika sijui chochote nimeikuta stoo kwa babu. Hiyo ya stoo kwa babu ukiisoma mara tatu nne unaijua, mtu anajua vizuri kabisa kwamba mbovu. Dukani unalipa zaidi lakini meza ya kujaribia ipo, unamuomba kwa adabu anaichomeka unaona mwenyewe. Hiyo tofauti ya bei ndiyo unayonunulia kuona. Mtu anayepanda ndege wiki hiyohiyo hana muda wa kugombana na muuzaji wa Hokkaido.

Na kuhusu adabu: huku usishike bodi bila kuomba. Zimewekwa kwenye mfuko, usifungue. Muonyeshe kwa kidole, mwambie sumimasen, yaani samahani, atakufungulia yeye. Na kushusha bei sio utamaduni wao, usiende na moto wa Kariakoo. Uliza tu kwa upole kama kuna nyingine ya bei ya chini yenye hali ya chini kidogo, mara nyingi ipo nyuma.

BinUngujaMuscat

Assalam alaykum ndugu zangu. Nimeiona hiyo Cadillacs nikacheka peke yangu, sie huku tukiiita Mustafa, kwa sababu ya yule mtu wa kofia. Mtu hasemi twende tukacheze gemu, anasema twende kwa Mustafa.

Mie nanunua bodi safari zangu za Bangkok na Dubai na nilotaka kukwambia fundi ni kuhusu kopi, maana Japani zipo chache lakini huku kwetu na Asia ya kusini zimejaa na siku nyengine utazikuta zimesafirishwa zikauzwa kama za asili. Kopi ya Street Fighter II utaijua hata kwa mbali. Ya Capcom ina tabaka, bodi A chini, B katikati, C juu, na ile chipu kubwa yenye jina la Capcom juu yake. Kopi ni bodi moja pana au mbili, chipu ndogondogo nyingi kama vipande vya domino, na mara nyengine majina yamekwaruzwa kwa msasa makusudi. Ukiona chipu imepigwa msasa usiulize zaidi. Halafu ukiwasha unakuta Ryu anarusha moto hewani mara tatu tatu, hiyo ndio ile iliyochezewa, ingawa wallahi zina raha yake na mie ninazo mbili.

Za Neo Geo, mtambo wa kampuni ya SNK, ndio hatari zaidi kwa sababu ni kaseti, ndani huoni. Metal Slug ya 1996 inaigwa sana. Omba ifunguliwe gamba uone bodi za ndani zina maandishi ya SNK au Neo Geo na chipu zake ni za kiwandani, sio zile zenye kidirisha cha kioo na stika ya kuandikwa kwa kalamu. Si kila yenye kidirisha ni kopi lakini, toleo za mwanzo na zile za majaribio zinazo, na stika ile usiibandue, mwanga mkali wa jua unafuta kilichomo.

Na tafadhali usichanganye MVS na AES. MVS ni ya mashine, AES ni ya nyumbani, kaseti moja haiingii kwenye mtambo wa mwenzie, na Metal Slug ya AES bei yake utaiangalia ukatoka nje ukavute pumzi. Wewe chukua MVS, na bodi mama yake iwe ya kaseti moja, MV-1 yoyote. Igeuze uangalie pale penye betri. SNK kwenye nyingi waliweka betri ya kuchaji, inavuja, inakula njia za shaba pole pole. Ukiona kijani au weupe kama chumvi karibu na betri, hiyo ni kazi ya mkono na iwe kwenye bei.

dada_saketi

Habari zenu kaka zangu, naona mmemjaza orodha ya kununua na hakuna aliyemuuliza ataiwashia nini akifika Mwananyamala 😂

Fundi, bodi nyingi kuanzia 1985 zina kiwango kimoja kinaitwa JAMMA. Ni mdomo wa bodi wenye pini 56, 28 kila upande, na kuna mkato mahali pa pini ya 7 ili usichomeke kinyume. Huo mkato kwenye soketi nyingine kifungo chake kimeng'oka, na ukiichomeka kinyume hapo unapeleka volti 12 pasipostahili, moshi. Soketi ya JAMMA nunua hukohuko Akihabara ni rahisi, nunua mbili tatu. Kisha wewe ni fundi huwezi kushindwa kutengeneza kile kiboksi wanachokiita supagani, ni soketi, pawa saplai, na njia za picha na sauti na vishikio. Pawa saplai USINUNUE Japani, zao nyingi za kwenye mashine ni za volti 100 tu, utaipeleka kwenye 230 yetu itapasuka. Ile ya aina ya switching inayotoa volti 5 na 12 iko mjini Dar, ila hakikisha ile 5 unaipima ukingoni mwa bodi wakati gemu inacheza, sio kwenye saplai. Waya mwembamba unakula volti, ikifika 4.8 hivi gemu nyingi zinajiwasha upya zenyewe na mtu anadhani bodi mbovu. Bodi za zamani nyingine zinataka na hasi 5 kwa ajili ya sauti. Bodi haitoi sauti, kabla hujafungua chochote angalia hiyo.

Kuhusu picha: inatoka RGB ya kilohezi 15. TV ya chogo ya kwetu yenye AV ya njano peke yake haiipokei moja kwa moja. Ukipata TV ya chogo iliyotoka Ulaya yenye tundu la SCART umepona. Ukikosa, kuna kibodi cha Kichina GBS-8200 kinageuza kwenda VGA, ni cha bei ndogo, picha yake ya hivi hivi lakini kuna programu ya watu wa mtandaoni inaitwa GBS-Control unaongezea chipu ya ESP8266 inakuwa kitu kingine kabisa. Wenye hela wananunua OSSC, kigeuzi cha picha kilicho bora zaidi.

Na hilo la ndege za kufyatua jihadhari, nyingi zimetengenezwa kwa skrini iliyosimamishwa wima. Raiden ya 1990 ni ya wima, Strikers 1945 ni ya wima, unachomeka kwenye TV ya kawaida unakuta ndege inaruka kwa ubavu, inabidi ulaze TV upande, na TV ya chogo ukiilaza rangi zinachafuka kona hadi uisafishe sumaku, joto nalo halitoki vizuri. Chukua ya mlalo. R-Type ya Irem ya 1987 ni ya mlalo, na ni ngumu hatari. Za kampuni ya Cave kama DoDonPachi usiziguse hata kwa macho, kuna zenye bei ya bodaboda mpya.

Street Fighter II pia usisahau, JAMMA ya kawaida ina batani tatu za kupigia tu zinazotosha ngumi, mateke yanakuja kwa waya wa pembeni unaochomekwa kwenye bodi ya juu. Muulize muuzaji huo waya, mara nyingi wameutupa kwenye sanduku lingine anakupa kwa bei ndogo au bure. Bila huo waya Chun-Li hana miguu.

FundiWaMwananyamala

Aisee nimesoma yote mara mbili, Mungu awabariki. Dada_saketi umenisevu kwenye pawa saplai maana nilishaiweka kwenye orodha. Na BwanaLehemu umenitamanisha hizo CPS-2 zilizokufa, Arduino ninazo za kumwaga.

Sasa bado hamjanijibu la uwanja wa ndege. Na nyingine, nikiwa dukani na tochi tu ya simu, muuzaji hana meza ya kujaribia au hataki, naangalia nini?

BwanaLehemu

Anza na mdomo wa bodi, zile pini za dhahabu. Zikiwa zimeungua nyeusi sehemu moja hasa upande wa volti 5, ilikuwa inafanya kazi masaa mengi kwenye soketi iliyolegea. Sio kifo ila ni taarifa. Halafu geuza chini. Hizi bodi zilikuwa zinarundikwa bila mifuko, miguu ya moja inakwangua njia za nyingine, angalia mikwaruzo inayokatiza njia nyingi kwa mstari mmoja. Hiyo unaunga kwa waya mwembamba, kazi ya jioni moja. Kisha angalia chipu zile kubwa bapa zenye miguu pande nne, pembe zake ndizo zinagonga, miguu ikipinda inagusana.

Soketi tupu ni mbaya kuliko zote. Kuna mtu alichomoa chipu akaweka kwenye bodi yake, na kama ni chipu maalumu ya kiwanda huipati popote ila kwa kuua bodi nyingine. Chipu za kawaida za mantiki hazinitishi. Kwenye bodi za miaka ya 80 ukiona nyingi zina nembo ya Fujitsu jiandae tu, zina sifa mbaya ya kufa, ila ni za kununua kwa shilingi na kubadilisha. Waya za nyongeza zilizobandikwa vizuri kwa gundi zinaweza kuwa za kiwandani, usizikimbie. Waya za nyongeza zenye lehemu kama ugali hizo zikimbie.

Na nusa. Kapasita iliyovuja ina harufu ya samaki. Watakushangaa dukani, waache.

MbongoSaitama

Uwanja wa ndege: bodi weka kwenye begi la mkononi, usipakie la chini lirushwe na wapagazi. Mashine ya eksirei haidhuru chipu, hiyo hofu iache. Kabla hujafika kwenye mkanda itoe kama unavyotoa laptop uiweke kwenye trei peke yake, na simu iwe na picha ya gemu yenyewe ikiwa inacheza, wanaelewa haraka sana, askari mmoja wa Narita alianza kunisimulia na yeye alikuwa anacheza nini. Betri ya lithiamu iliyo ndani ya bodi haina shida. Zile za akiba ambazo hazijafungwa kwenye kitu ndizo lazima ziwe begi la mkononi, kila moja na kifuko chake au umefunika ncha kwa utepe wa gundi.

Kufunga: kwanza mfuko wa kuzuia umeme tuli, ule wa kijivu unaong'aa, juu yake ndio unazungushia plastiki ya mapovu. Usizungushie mapovu moja kwa moja kwenye bodi. Kati ya bodi na bodi weka kadibodi ngumu.

mpwani_254

Na risiti weka karibu, isiwe kwa simu pekee, iwe ya karatasi. Forodha ukifika na kitu hawakijui wanakikadiria wenyewe, na wakikadiria hawakadirii chini, juu yake kuna VAT, kwenu 18% kwetu 16. Ukionyesha risiti ya duka na kusema ni spea iliyotumika mambo yanaisha haraka. Mimi huomba muuzaji aandike "used game board" kwa Kiingereza hapo chini, wanaandika bila shida.

BinUngujaMuscat

Fundi ukiikuta Mustafa mbili pale dukani nitumie ujumbe kabla hujatoka. Nalipa mie na usafiri juu yangu.

kijana_wa_moro

Jamani hiyo bodi ya Street Fighter iliyo ya kawaida ni kama shingapi hivi kwa pesa yetu? Naulizia tu